Mlango Ambao Mwandishi Aliusahau

Nilistaafu ualimu nikiwa na miaka thelathini na moja. Chekeni tu, hata wanafunzi wangu walicheka. Nilikuwa mwalimu wa kujitolea, na mwalimu wa kujitolea hustaafu siku ile mwalimu wa ajira anaposhuka kwenye gari na begi lake. Wa kwangu aliposhuka, nikamkabidhi chaki, wanafunzi wakanipa jogoo wa kuniagia, nikapanda basi naye. Aliwika njia nzima, abiria wakaniangalia kama vile ninayewika ni mimi.

Sasa nina duka dogo la madaftari na fotokopi hapa Iguguno, kando ya barabara. Ninyi mnaojitolea kwenye shule za huku ndio wateja wangu wakubwa. Mnakuja kutoa kopi za maandalio ya somo, na mashine inapopasha joto mnaniuliza, "Dada Ashura, hivi kitabu cha hadithi unakifundishaje mpaka watoto wasisinzie?" Nami nawajibu kwa maneno mawili matatu, kwa sababu nyuma yenu kuna mtu anataka kalamu. Leo mvua inanyesha, hakuna wa kalamu. Nimekaa niandike jibu lenyewe. Aya hii nimeshaifuta mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri.

Sikusomea ualimu. Nilizaliwa Singida mjini, nyuma ya duka la baba la khanga na viungo. Bibi yangu alikuwa mtu wa Pangani, aliyemfuata mume bara na asiache hata siku moja kuulalamikia upepo wa huku. Fasihi nilijifunza mwenyewe, nimekaa juu ya majora ya vitambaa, nikisoma vitabu vya shule vya kaka zangu na magazeti ya kufungia iliki. Mtu aliyejifundisha mwenyewe ana hofu yake ya peke yake. Anaamini kuna ukurasa fulani ambao wenzake wote waliusoma, na yeye hakuuona.

Hofu hiyo niliitibu kwa kuandaa. Nilipopata nafasi ya kujitolea kwenye sekondari moja upande wa Sepuka, nikawa naandika andalio la somo, nalisahihisha, nalinakili kwa mwandiko mzuri, halafu nalinakili tena kwa kuwa herufi moja imekaa kama imechoka. Nilipanga kila kitu. Katikati ya andalio niliwahi kuandika, "Hapa wanafunzi watacheka kidogo." Chini yake: "Hapa wanafunzi watahuzunika."

Kabla sijaendelea, shikeni hili kwanza maana ndilo la bure kabisa: wekeni jiwe juu ya karatasi. Shule nyingi za huku madirisha ni matundu, na upepo wa Singida hauombi ruhusa. Andalio la somo lisilo na jiwe ni tiara.

Mkuu wetu wa shule alikuwa mama mwenye sauti laini na macho makali. Muhula wangu wa kwanza ulipokuwa ukingoni, aliniita ofisini.

"Ashura, Kidato cha Pili hakijawahi kumaliza kitabu cha hadithi hata kimoja. Walimu wamepita, vitabu vimepita, wao wapo tu."

"Nimesikia, Mkuu."

"Alhamisi nitakaa nyuma ya darasa lako. Nikiona wanakisoma, unabaki. Nikiona wanakisinzilia, nitakushukuru kwa moyo wote na tutaagana vizuri."

Nilitoka mule ndani nikiliwaza duka la baba. Mjini baba alikuwa ameniachia nafasi yangu nyuma ya kaunta, akisema kwa upendo kabisa, "Utarudi tu, mwanangu." Nami nilikuwa nimeshamwambia kila mtu aliyeingia dukani kwamba mimi ni mwalimu. Nilitaka kubaki kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote.

Kitabu chenyewe kilikuwa hadithi ya vijana. Nakala tulizokuwa nazo zilikuwa chache na hazina majalada, hivyo wanafunzi walikiita Kitabu cha Zawadi, kwa jina la msichana aliye ndani yake. Baba yake Zawadi, fundi ujenzi, anaanguka kutoka juu ya nyumba anayoijenga na kuvunjika kiuno. Familia inahama mjini na kurudi kijijini kwa shangazi. Huko mama analima, baba amelala, Zawadi anasoma kwa shida. Nilikipenda. Niliposoma peke yangu nililia mahali ambapo, kwa maoni yangu, kila mtu mwenye akili angelia: ukurasa ambapo watoto wanakula ugali wa uwele na mlenda, leo, kesho na keshokutwa.

Hapa sina budi niwaambie kuhusu mimi na mlenda.

Chumba nilichopanga kilikuwa mwendo kidogo kutoka shuleni, na mchana nilikuwa narudi kupumzika. Njia ilipita katikati ya nyumba za watu, wakati wa chakula. Kila mlango ulikuwa wazi, na kila mlango ulisema, "Madam, karibu ugali!" Mimi mtoto wa mjini nikadhani ni amri. Siku ya kwanza niliingia nyumba ya kwanza, nikawekewa mlenda, ile mboga ya majani inayoteleza na kuvutika. Wenyeji wanaukata kwa tonge kwa ustadi, unakatika. Wangu haukukatika. Ulinifuata kutoka bakulini mpaka kidevuni, na watoto wa nyumba ile waliacha kula ili waangalie. Mmoja wao alikuwa Elibariki wa Kidato cha Pili. Kesho yake shule nzima ilikuwa na habari.

Baadaye nikaelewa kwamba ukiitwa unajibu, "Asanteni, nimeshakula," na kila mmoja anaendelea na siku yake akiwa na furaha. Nikalizoea jibu hilo mpaka likawa linatoka kabla sijafikiri.

Nyumba moja tu haikuniita. Ilikuwa karibu na kisima, yenye ua wa minyaa, na ndiko alikokaa Pendo, mwanafunzi wangu mwingine, na bibi yake. Kila nilipokaribia mchana, mlango ulikuwa unafungwa. Nikajua nimewakosea. Niliwaza usiku na mchana. Labda sikuamkia vizuri? Nikaanza kupaza "Shikamoo, bibi!" kutoka mbali kama mwenye mnada, na mlango ukafungwa mapema zaidi. Nikaamua wananichukia. Mtu mwenye hofu haoni jambo lisilomhusu.

Alhamisi ikafika. Nimepiga pasi, nimesuka, andalio liko mezani. Mkuu akaingia na kiti chake, akakaa nyuma. Tulisoma kwa sauti ule ukurasa wa mlenda, kisha nikageuka kwa sauti yangu ya huzuni niliyoifanyia mazoezi.

"Haya. Ni ishara zipi za dhiki tunaziona katika familia ya Zawadi?"

Elibariki akanyoosha mkono.

"Samahani, Madam. Dhiki inaanza ukurasa wa ngapi?"

"Tumeshaisoma, Elibariki. Wanakula nini?"

"Ugali wa uwele na mlenda."

"Mara ngapi?"

"Kila siku, Madam." Alitabasamu kama anayesimuliwa harusi. "Sasa hawa ndio wana shida?"

Darasa likaangua kicheko. Msichana wa dawati la mbele akageuka nyuma, "Mlenda wenyewe una karanga?"

"Kitabu hakisemi."

"Mwandishi gani huyu! Sasa tutajuaje?"

"Kama una karanga hiyo si dhiki, hiyo ni sikukuu!"

"Mwandishi ni mtu wa wali, huyo. Mtu wa wali akionyeshwa mlenda anatafuta leso."

"Kama Madam!" ikasema sauti ambayo mpaka leo haijajitaja.

Nilijaribu kuwarudisha. "Na nyumba je? Wanalala kwenye tembe. Kuta za udongo, paa la udongo."

"Mchana tembe lina ubaridi, usiku lina joto," akasema Elibariki kwa upole, kama daktari. "Madam, kile chumba chako cha bati kikoje saa hizi?"

"Kaango," nikakiri, maana ndivyo kilivyokuwa.

Walicheka mpaka wengine wakalalia madawati. Nikatupa jicho nyuma. Mkuu alikuwa ameinamisha kichwa, mabega yanatikisika, nikajua ananisikitikia. Nikaenda mezani kutafuta kwenye andalio mahali pa kushika. Nikakumbuka jiwe. Sikuwa nimeweka jiwe. Upepo ulishaingia dirishani, ukachukua karatasi zote, na nikaziona zikivuka uwanja wa mpira kuelekea jikoni kwa shule, nzuri kabisa, mwandiko wangu wote.

Nisiwadanganye kwamba nilifanya jambo la busara. Nilibaki sina kitu, basi. Na kwa kuwa sina kitu, kwa mara ya kwanza tangu nishike chaki niliuliza swali ambalo jibu lake silijui.

"Haya, niambieni ninyi. Kama si mlenda, kama si tembe, dhiki ya watu hawa inaanza wapi?"

Wakafungua vitabu. Vijana, sikilizeni sauti hiyo: kurasa zikifunuliwa na watu ambao hawakuamriwa kufunua. Walipendekeza hapa na pale, wakabishana, "Hapo bado," "Hapo wana shida ya kawaida tu." Kisha Pendo, ambaye hakuwa amecheka wala kusema kitu asubuhi nzima, akasema bila kuangalia kitabu, "Pale mama alipofunga mlango."

"Ukurasa gani, Pendo?"

Akautaja. Nikasoma mstari huo kwa sauti. "Mama akafunga mlango, ndipo akapakua." Umekaa chini kabisa ya ukurasa, mfupi, na hadithi inaendelea na habari za shule. Kitabu kile nilikuwa nimekisoma mpaka najua mahali doa la mafuta lilipo, na mstari huo nilikuwa naupita kila mara kama mtu anavyopita jiwe la njiani.

Kila mmoja akaurudia mstari ule kwa kidole.

"Eeh," akasema Elibariki taratibu. "Hapo sasa."

Nikaomba wanieleze, mimi mtoto wa mjini. Wakanieleza kwa zamu. Mtu anakula mlango ukiwa wazi, anayepita anaitwa. Anayepita atasema ameshakula, hata kama hajala. Lakini ili umwite, lazima kwenye chungu kuwe na kitu, maana huwezi kujua: huenda huyu leo akasema ndiyo. Siku nyumba inafunga mlango wakati wa chakula, ujue chakula kimewatosha wao kwa shida, au hakijawatosha. Wanafunga kwa sababu ya aibu ya kutokuita.

Nilikuwa nimeshika kitabu, nikauona mlango wa karibu na kisima, na jinsi nilivyokuwa napaza salamu yangu kutoka mbali ili kila mtu ajue napita. Masikio yalinichoma. Sikumwangalia Pendo. Wenzake nao hawakumwangalia, wote walikuwa na kazi ya ghafla kwenye vitabu vyao. Wale waliokuwa wakipiga kelele kama kunguru walijua adabu hiyo bila kufundishwa na mtu.

Ni Elibariki aliyetutoa hapo. "Kwetu tulifunga," akasema, "ule mwaka mvua iligoma. Tumefunga, tumeanza kula, mjomba huyo, hodi! Baba akasukuma sufuria chini ya kitanda. Mjomba akakaa. Akaongea habari za ng'ombe, akaongea habari za shamba, sisi tunameza mate. Mara paka akatoka chini ya kitanda, uso wote umejaa ugali. Mjomba akamwangalia paka. Akamwangalia baba. Akasema, 'Shemeji, naona paka wako ana mkono mzuri wa kusonga.'"

Kicheko kile kilikuwa kingine. Baada yake mikono ikapanda kila upande. "Kwetu pia tulifunga!" "Sisi tulikuwa tunafunga na redio tunazima!" Walishindana kana kwamba ni mashindano ya mlango gani ulifungwa vizuri zaidi, na Pendo naye, kwa mara ya kwanza muhula ule, nikaona meno yake.

Ringi ya lori iliyokuwa kengele yetu ikagongwa. Hakuna aliyeinuka. Nikageuka nyuma kupokea hukumu yangu. Mkuu alikuwa amesogeza kiti mpaka kwenye dawati la mwisho, anasoma kitabu pamoja na wavulana wawili.

"Ashura," akasema, "huo mlango ulifunguliwa?"

"Mkuu?"

"Mbele huko. Mama anakuja kuufungua au hafungui?"

Nikafungua mdomo nijibu, nikagundua sikumbuki. "Tutasoma tuone," nikasema.

Jioni aliniita ofisini. Mezani kwake zilikuwepo karatasi zangu. Mpishi alikuwa amezileta, zina majivu. "Nimesoma andalio lako," akasema. "Umejitahidi. Hapa umeandika, 'Wanafunzi watahuzunika.' Walihuzunika kweli, ila si hapa. Na hapa umeandika watacheka kidogo." Mabega yakaanza tena kutikisika, ndipo nikaelewa yalikuwa yanatikisika kwa nini asubuhi. "Jumatatu una vipindi viwili. Uje na jiwe."

Tulikisoma kitabu mpaka mwisho. Kidato cha Pili, ambacho hakijawahi kumaliza kitabu, kilikuwa kinanifuata mpaka nje ya choo cha walimu kuomba funguo za kabati la vitabu. Walikuwa wanatafuta ule mlango. Baba akaanza kutembea kwa mkongojo: mlango haujatajwa. Zawadi akafaulu mtihani: mlango haujatajwa. Ukurasa wa mwisho jua likachomoza juu ya shamba, familia ikalitazama, kitabu kikaisha.

"Ndiyo basi?" akauliza Elibariki. "Na mlango?"

"Amesahau!"

"Aliufunga mwenyewe, kausahau!"

Mkiniuliza leo maoni yangu ya mwalimu kuhusu kitabu kile, nitawaambia ni kizuri, na mwandishi wake anajua maumivu ya baba aliyelala kitandani. Lakini alidhani dhiki iko bakulini, akaieleza kurasa na kurasa. Ile yenyewe aliigusa mara moja kwa mstari mmoja, nadhani bila kujua amegusa nini, akaenda zake na kuwaacha watu wake wamefungiwa ndani huku jua linachomoza. Nikawapa kazi: andikeni ukurasa ambao mlango unafunguliwa. Wakaandika kwa bidii. Kwenye ukurasa wa Elibariki mlango ulivunjwa na mjomba. Pendo hakuandika. Aliniambia, "Bado, Madam," nami kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikaacha kazi isiyokamilika ibaki haijakamilika.

Mchana nilibadili mwendo. Nikikaribia kisima nilikuwa najiinamia kutafuta kitu kwenye mkoba, nikipita kimya, ili mlango usilazimike kufungwa kwa ajili yangu. Sikubeba unga, sikubeba maneno ya huruma. Nilijifunza kupita tu, kama watoto wale walivyojua kutoangalia.

Msimu ule mvua zilikuwa na adabu. Alizeti zikasimama, uwele ukajaa. Siku moja baada ya mavuno nilikuwa napita pale, nimeinamia mkoba kama kawaida, nikasikia, "Mwalimu! Karibu chakula!"

"Asanteni, nimeshakula," nikajibu, nikaendelea na safari.

Nilifika karibu na kisima ndipo miguu iliposimama. Nikageuka. Mlango wa ua wa minyaa ulikuwa wazi mpaka ukutani, bibi amekaa kizingitini, na Pendo nyuma yake ameshika mdomo asicheke.

Nilirudi mbio, vijana. Mwalimu mzima, na viatu vya kazini, mbele za watu.

"Shikamoo, bibi. Nilikosea. Sijala."

"Marahaba, mwanangu. Nilijua hujala, unatembea kama hujala."

Nikanawa, nikakaa kwenye kigoda. Mlenda ulikuwa na karanga. Pendo akanionyesha jinsi ya kulizungusha tonge na kuukata pale pale, nikajaribu, ukanifuata mpaka kidevuni. Nikajaribu tena. Nilisahau kuwa na hofu ya kukosea, labda kwa sababu kila mtu pale alikuwa anayafurahia makosa yangu kwa kucheka. Bibi alikuwa ananiongezea bila kuniuliza, huku macho yake yako njiani, kama mtu aliyengoja muda mrefu kufanya kazi anayoipenda.

Akapita mtu. Bibi hakusubiri hata amalize kutafuna.

"Karibu chakula!"

Alikuwa Elibariki. Elibariki hakusema ameshakula. Sidhani kama amewahi kulisema neno hilo. Nikasogeza kigoda changu, nafasi ikapatikana.